Klachi Haifi kwa Uzee

Kuna uongo mmoja ambao karibu kila mtu aliyewahi kununua gari kuukuu la gia za mkono ameuziwa. Klachi inaanza kuteleza miezi michache tu baada ya kubadilishwa, unarudi kuuliza, unaambiwa: "Hiyo gari ni mzee, bro. Zoea." Aliyekuuzia gari anasema hivyo. Fundi anasema hivyo. Mwenye duka la spea anasema hivyo huku akikurudishia chenji. Na kwa sababu gari ni la namba ya KA na kweli linakaribia kukuzidi umri, unakubali, unalipa, unaenda.

Mimi sikubali. Gari linaweza kuwa na miaka thelathini, lakini klachi uliyoweka juzi ina miezi minne. Hicho ni kitoto kichanga. Kitoto kikifa, hatuulizi nyumba ilijengwa mwaka gani. Tunauliza kilikuwa kinakula nini na nani alikuwa anakilea.

Sasa, ukitaka kujua ni nani anayeua klachi hapa Nairobi, lazima turudi nyuma kidogo. Kama miaka mia moja na thelathini hivi. Tulieni, tutafika.

Kidude chenyewe kinafanya nini

Shida ilianza na injini yenyewe. Farasi ukimsimamisha anasimama, na ukimwambia twende, anaenda. Injini ya petroli haiko hivyo. Ikisimama imezima. Kwa hivyo walioanza kutengeneza magari walihitaji kitu cha kuunganisha injini inayozunguka na magurudumu yaliyotulia, bila mshtuko wa kuvunja gia.

Kitu hicho ndicho klachi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili. Linabanwa na chuma kingine kinachoitwa presha pleti, na katikati yao kuna pleti yenyewe, imevalishwa lainingi ngumu pande zote mbili kama mkate uliopakwa siagi juu na chini. Ukiachilia pedeli yote, vitu hivyo vitatu vinazunguka pamoja kama kitu kimoja. Hakuna kinachosugua chochote. Ukikanyaga pedeli hadi chini, pleti iko huru. Hapo pia lainingi haisuguliwi.

Lainingi inasuguliwa katikati tu, pale pedeli ikiwa haiko juu wala chini, injini ikiwa na mwendo wake na magurudumu yana mwendo wao. Hapo ndipo kuna joto, na hapo ndipo kuna ile harufu unayoijua.

Klachi huisha katikati. Shika hiyo sentensi, maana historia yote iliyobaki inaizunguka.

Ilianza na ngozi ya ng'ombe

Mwaka 1891, kampuni ya Ufaransa ya Panhard et Levassor ilipanga gari kwa mtindo ambao dunia iliiga kwa miaka mingi sana: injini mbele, kisha klachi na gia, halafu nguvu inapelekwa magurudumu ya nyuma. Ukifungua boneti ya pikapu ya zamani leo, mpangilio ni ule ule.

Klachi za magari mengi ya enzi hizo hazikuwa na pleti. Zilikuwa na umbo la pia. Flaiwili ilichongwa shimo kama faneli, na pia iliyovalishwa ngozi ya mnyama ikasukumwa ndani yake na springi. Ngozi ikikauka, gari liliruka kama mbuzi likiondoka, kwa hivyo dereva aliipaka mafuta ya mbarika. Ikilowa mafuta kupita kiasi ikawa inateleza, aliinyunyizia udongo wa unga. Hizo ndizo zilikuwa kazi za kawaida za dereva. Yaani mtu wa kuendesha gari alikuwa nusu fundi, na alijua hali ya klachi yake vile mama mboga anajua nyanya gani haitafika kesho.

Mwaka 1908 Henry Ford akaleta Model T, gari lililowapa watu wa kawaida Marekani nafasi ya kuendesha. Halikuwa na klachi kama yetu. Lilikuwa na pedeli ya kushoto ambayo ukiikanyaga hadi chini unapata gia nzito, ukiiachilia yote unapata gia nyepesi, na katikati gari halina gia. Ndani, gia nzito ilishikwa na mkanda uliobana ngoma ya chuma. Kupanda mlima mrefu, ilibidi ukanyage pedeli kwa nguvu njia nzima. Mguu ukichoka ukalegea kidogo tu, mkanda uliteleza ukaungua. Kubadilisha mikanda hiyo ikawa kazi ya kawaida ya wenye Model T.

Unaona? Gari lilikuwa jipya kabisa kutoka kiwandani na bado kitu kile kilikufa mapema. Hakuna aliyekuwa na uzee wa kusingizia. Ulikuwa ni mguu, mlima na katikati.

Viatu vikuukuu na vumbi la mauti

Hapa kuna kipande cha hadithi ambacho watu wa Kirinyaga Road, ile wazee wanaita Grogan, wanapaswa kukijua, kwa sababu kinawahusu.

Mwaka 1897, kule Derbyshire, Uingereza, kulikuwa na mtu anaitwa Herbert Frood. Aliona vile waendesha mikokoteni ya farasi kwenye milima ya huko walivyotumia viatu vikuukuu kuzuia magurudumu yakiteremka. Akaanza kutengeneza kitu bora kuliko kiatu. Kampuni yake ikaitwa Ferodo, jina lililotokana na kuchanganya herufi za jina lake na kuongeza moja. Bado utaliona kwenye maboksi ya breki.

Kwanza alitumia pamba. Pamba inaungua. Mwaka 1908 akaanza kutumia asbesto, nyuzi za mawe zinazochimbwa ardhini ambazo hazijali moto. Asbesto ikaenea kwenye breki na klachi za dunia nzima, na ndiyo iliyofanya watu wasahau klachi. Hakuna tena kupaka mbarika. Unakanyaga, unaachilia, unaendelea na maisha.

Lakini kila lainingi inayoisha inageuka vumbi, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata kufikia 2005. Viwanda vikahamia nyuzi za kioo, nyuzi za plastiki ngumu na nyaya za shaba.

Sasa fikiria gereji zetu. Gari la miaka ya themanini linashushwa giaboksi, na ndani ya kengele ya klachi kuna vumbi jeusi la miaka mingi. Kijana wa miaka 19, anayefunzwa kazi na mjomba wake, anachukua mpira wa upepo na kulipuliza. Linapaa, linamwingia puani, anafuta uso na shati, anaendelea. Hakuna aliyemwambia. Magari mengi ya umri huo yalitoka kiwandani na asbesto, na hakuna anayeweza kutambua kwa macho ni vumbi gani. Njia salama ni kulilowesha na kulipangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha kukifunga kitambaa na kukitupa. Maji hayana gharama.

Kwa hivyo klachi inayokufa kabla ya wakati si hasara ya mfuko wako pekee. Kila mara giaboksi inaposhushwa bila sababu, kuna mtu mwingine anavuta vumbi.

Mguu wa kushoto unapoteza kazi

Wakati lainingi zilikuwa zinaboreshwa, kitu kingine kilikuwa kinaondoka polepole: ujuzi.

Magari ya mwanzo hayakuwa na kitu cha kulinganisha mwendo wa gia ndani ya giaboksi. Kubadilisha gia ulikanyaga klachi mara mbili. Mara ya kwanza kutoa gia, unaachilia, unapandisha au kushusha mwendo wa injini, unakanyaga tena, unaingiza. Ukikosea, giaboksi ilipiga kelele mtaa mzima ukajua wewe ni mgeni. Mwaka 1928 Cadillac wakatoa giaboksi iliyolinganisha mwendo yenyewe, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 1939 General Motors wakatangaza Hydra-Matic, gia za kujibadilisha zenyewe kabisa, kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Mguu wa kushoto ukaachishwa kazi.

Sisemi turudi kukanyaga mara mbili. Ninachosema ni kwamba gari la gia za mkono lilitengenezwa kwa mtu ambaye anajua kinachotokea chini ya pedeli. Lainingi iliboreshwa, mtu huyo akapungua.

Kenya: kutoka Peugeot hadi jam

Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalianza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978. Ushindi huo uliwauzia watu wa Afrika Mashariki imani: hili gari haliogopi matope wala mawe. Peugeot 504 ikawa gari la mwalimu mkuu, la daktari wa wilaya, na teksi ya abiria saba kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Kisumu na Mombasa. Muulize mtu yeyote wa umri wa babu yako, atakuambia ni nani mtaani aliyekuwa na Peugeot.

Angalia maisha ya klachi kwenye teksi hiyo. Inaondoka stendi mjini, inapanda Limuru, inateremka Bonde la Ufa, inafika Nakuru. Ni kama kilomita 160. Ukihesabu mara ambazo gari lilisimama kabisa kisha likaondoka tena, hazikuwa nyingi. Pedeli ilikaa juu karibu njia nzima, na pedeli ikiwa juu klachi imelala usingizi.

Kilomita haziui klachi. Kuondoka ndiko kunakoua.

Sasa hesabu ya mji. Sensa ya 1969 ilikuta Nairobi ina watu 509,286. Sensa ya 2019 ikakuta 4,397,073. Katikati hapo, mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe watu bila kuhitaji leseni maalum ya usafiri, na usafiri wa mji ukawa wa kusimama, kubeba, kuondoka, kusimama tena. Mwanzo wa miaka ya 1990 uchumi ukafunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia bandari ya Mombasa. Barabara zikajaa.

Piga hesabu nami. Tuseme unatoka Rongai kuingia tao kwenye jam, unasimama na kuondoka mara 60. Jioni mara 60 tena. Ukifanya kazi siku 25 kwa mwezi, hizo ni mara 3,000. Dereva wa teksi ya Nakuru, tuseme aliondoka mara 10 kwa safari na alienda na kurudi kila siku: hizo ni mara 500 kwa mwezi, na alikuwa amekanyaga kilomita 8,000. Wewe hata 1,500 hujafika. Gari ni lile lile, klachi ni ile ile. Ulichobadilisha ni maisha yake.

Na magari yale ya Japani yakaja na kitu kingine: mengi yalikuwa ya gia za kujibadilisha. Kizazi chetu kimekulia kwenye Vitz na Fielder. Wengi wetu tulikutana na klachi mara ya kwanza kwenye gari la shule ya udereva, na somo kubwa tulilopewa lilikuwa kubalance kwenye mlima. Panda nusu, pandisha mafuta kidogo, gari litulie bila breki. Ukiweza hivyo, umepita.

Hebu rudia ile sentensi. Klachi huisha katikati. Kubalance ni katikati yenyewe. Ni kitu cha sekunde mbili tatu, handibreki ikiwa tayari imeshika gari, halafu unaondoka. Sisi tumekifanya kuwa mahali pa kuishi. Angalia Museum Hill saa moja asubuhi: mstari wa watu wameshikilia magari kwa klachi, wanasonga nusu mita, wanarudi sentimita kumi, kama wanabembeleza mtoto. Kila mmoja anachoma pesa zake pale pale. Na wengi wao wakishaondoka, mguu wa kushoto bado umepumzika juu ya pedeli hadi Westi.

Lakini si mguu peke yake

Hapa ndipo sikubaliani na wanaolaumu dereva kwa kila kitu. Kwenye gari la zamani kuna wauaji wengine watatu, na hakuna hata mmoja anayeitwa uzee.

Wa kwanza ni kebo. Magari mengi ya zamani yanavuta klachi kwa kebo inayohitaji kurekebishwa kwa mkono. Pleti ikipungua unene, ile nafasi ndogo ambayo pedeli inacheza kabla ya kuanza kazi nayo inapungua. Ikiisha kabisa, beringi inakuwa imesukuma presha pleti muda wote, hata kama mguu wako uko sakafuni. Klachi inaanza kuteleza yenyewe. Kurekebisha ni dakika chache na spana. Lakini gari linauzwa mara tano, na kila mwenye gari anadhani aliyetangulia alifanya.

Wa pili ni mafuta. Sili ya nyuma ya injini ikivuja, oili inaingia kwenye lainingi. Fundi akibadilisha pleti bila kugusa sili, amekuuzia klachi ya miezi michache. Huyu ndiye muuaji anayefanya watu waseme gari lina mkosi.

Wa tatu ni kazi nusu. Unaweka pleti mpya, unaacha presha pleti iliyochoka na flaiwili yenye mikwaruzo, kwa sababu hela ni kidogo. Au unagonga lainingi mpya juu ya pleti ya zamani yenye springi zilizolegea. Sidharau ujuzi wa jua kali. Bila mafundi hao nusu ya magari ya nchi hii yangekuwa yamelala. Lakini flaiwili isiposafishwa iwe bapa, pleti mpya inagusa sehemu chache tu, na sehemu hizo ndizo zinabeba mzigo wote.

Mara nyingi fundi anayajua yote haya. Ni sisi tunaofika na kusema, "Fanya tu hiyo pleti, zingine tutaona." Yeye anaona bei itakayokufanya usikimbilie gereji ya jirani. Wote wawili mnajua, na ikirudi wote wawili mnakimbilia lile neno: mzee.

Ndiyo maana neno hilo linaniudhi. Nani ananunua gari la gia za mkono la miaka thelathini leo? Si tajiri. Ni kijana anayetaka kubeba viazi kutoka Wakulima, msee anayeanza biashara ya kuosha mazulia, dada anayepeleka keki. Gari hilo ndilo duka lake. Klachi moja ikifa kabla ya wakati, hiyo ni kodi ya mwezi. Na ukimwambia ni uzee, umemwambia hakuna cha kufanya, asiulize, alipe tena.

Kabla hujalipa

Jua kwanza kama kweli imeisha. Barabara ikiwa wazi, ukiwa gia ya tatu au ya nne kwenye mlima mdogo, kanyaga mafuta. Injini ikipiga kelele zaidi na gari halisongi zaidi, klachi inateleza. Kabla ya kushusha chochote, angalia kama kebo ina nafasi.

Ikishushwa, kuwa hapo. Mwambie fundi alowesha vumbi badala ya kulipuliza, na wewe pia usisimame juu yake.

Halafu omba pleti ya zamani. Usiiache itupwe. Pleti iliyolowa na kunata imekuonyesha sili. Lainingi iliyong'aa kama kioo nyeusi na flaiwili yenye madoa ya bluu ni joto, hiyo ni milima na jam na katikati. Ncha za presha pleti zikiwa zimelika mahali beringi inagusa, kuna mguu uliolala kwenye pedeli, au kebo isiyo na nafasi. Upande mmoja ukiwa umeisha na mwingine ni mzima, uliza nani alifunga mara ya mwisho na flaiwili ilikuwa katika hali gani.

Soma hiyo pleti mbele ya fundi, mkiwa wawili, kabla ya kufungua boksi la mpya. Kama hakuna hata alama moja kati ya hizo, na lainingi imeisha sawasawa hadi kwenye riveti, basi sawa. Hiyo imefanya kazi yake ikamaliza, na unaweza kuizika kwa heshima.